Uyoga mezani: namna ya kuuchagua, kuuanika na kuupika ili mwili ufaidike

Ukiuchukua uyoga kama mboga, ni miongoni mwa mboga bora unazoweza kuweka mezani. Ukiuchukua kama dawa ya kisukari, presha na saratani, kama unavyonadiwa kwenye makundi ya WhatsApp na vibanda vya tiba asili, utakuangusha. Faida zake ni za kweli, ila si za miujiza, na nyingi kati yake hupatikana au hupotea njiani, kuanzia sokoni hadi kwenye sahani. Uyoga uleule unaweza kukupa vitamini D ya kutosha siku nzima au usikupe chochote, kutegemea kama uliuanika juani kabla ya kuupika. Unaweza kukupunguzia chumvi, au ukawa mboga ya kubebea mafuta na chumvi tu.

Mwongozo huu unahusu hasa aina mbili zinazolimwa na kuuzwa kwa wingi Afrika Mashariki: uyoga wa mamama, ule wenye kofia pana kama sikio unaoota kwa vishada, na uyoga wa kifungo, ule mweupe au wa kahawia wenye umbo la duara. Uyoga wa porini una sehemu yake mwishoni, kwa sababu sheria zake ni nyingine kabisa.

Kilichomo na kisichomo

Gramu 100 za mamama mbichi, yaani viganja viwili vilivyojaa, zina kalori 33 hivi, protini gramu 3 na kidogo, nyuzinyuzi zaidi kidogo ya gramu 2, potasiamu karibu miligramu 420, na niasini (vitamini B3) karibu miligramu 5. Hiyo niasini ni kama theluthi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Uyoga wa kifungo una kalori 22 tu kwa kiasi hichohicho, potasiamu miligramu 318 hivi, vitamini B2 inayofikia theluthi ya mahitaji ya siku, na madini ya shaba kiasi kama hicho pia. Seleniamu nayo imo, lakini kiwango chake hutegemea malighafi uliyooteshewa uyoga, kwa hiyo kisikusumbue.

Viko pia vitu viwili ambavyo mboga nyingine hazina au zina kidogo sana. Cha kwanza ni beta-glukani, nyuzinyuzi za kwenye kuta za seli za uyoga, ndugu wa zile zinazopatikana kwenye shayiri. Hizi hufika utumbo mpana bila kusagwa, zikawa chakula cha bakteria wema, na husaidia kidogo kupunguza lehemu. Neno "kidogo" hapo lisomwe kama lilivyo: majaribio yaliyofanywa kwa watu ni madogo, na mengi yalitumia unga wa uyoga mkavu kila siku kwa wiki kadhaa. Sahani moja ya Jumapili haishushi lehemu. Cha pili ni egothioneini, kiini kinachokinga seli zisiharibiwe na oksijeni. Mwili hauwezi kukitengeneza wenyewe, na katika vyakula vyote uyoga ndio unaoongoza kwa kuwa nacho. Hakiharibiki upesi kwa moto, jambo linalorahisisha kazi ya mpishi.

Sasa kisichomo. Vitamini B12 haimo ya kutegemewa, kwa hiyo asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa asidhani uyoga utamwokoa. Vitamini C ni kidogo mno. Na ile habari kwamba uyoga una "protini asilimia 20 hadi 30, kushinda nyama" inatokana na kuchanganya mambo: asilimia hizo ni za uyoga uliokaushwa. Uyoga mbichi ni maji kwa asilimia 90 hivi. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina protini kama gramu 26, na nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 7 hivi. Uyoga mbichi una 3. Protini yake ni ya ubora mzuri, ina asidi amino zote muhimu, lakini kwa mtoto anayekua usiuache ukachukua nafasi ya maharage, dagaa au yai. Uongezwe juu yake.

Kununua

Mamama mzuri una kofia zisizochanika ovyo, rangi ya kijivu, maziwa au waridi kulingana na aina, na kingo zilizojikunja chini kidogo. Kingo zikishanyooka na kugeukia juu, uyoga umepitiliza: bado unalika, ila umekuwa mgumu na hautakaa sana. Ugeuze utazame chini. Matamvua, yale makunjo membamba yaliyojipanga chini ya kofia, yawe makavu na meupe. Yakiwa yamelowa na kushikamana, au ukiona utelezi wa manjano, rudisha. Unga mweupe juu ya kofia za chini mara nyingi ni vumbi la uzazi la kofia za juu, si ukungu; linafutika kwa kidole. Ukungu wa kweli huwa na nyuzi, na mara nyingi hugeuka kijani.

Uyoga wa kifungo uwe mgumu ukiuminya, na ile ngozi inayounganisha kofia na shina iwe haijapasuka. Ukishafunguka na matamvua yakawa ya kahawia una ladha zaidi, ila siku zake zinahesabika.

Nusa. Harufu nzuri ni ya udongo uliolowa. Harufu ya samaki, ya siki au ya amonia maana yake umekaa kwenye mfuko wa nailoni ukajipika kwa joto lake wenyewe. Uyoga unaendelea kupumua baada ya kuvunwa, unatoa maji na joto. Ndiyo maana pakiti iliyofungwa kabisa, iliyojaa matone ndani, ni ya kuachwa hata kama tarehe yake ni ya leo.

Ukinunua moja kwa moja kwa mkulima, muulize anapambana vipi na vijinzi, wale wadudu wadogo wanaotaga kwenye mifuko ya uyoga. Jibu zuri ni wavu madirishani, usafi na mitego ya gundi. Anayepuliza dawa ya wadudu juu ya uyoga unaochipua hafai kukuuzia, kwa sababu uyoga hauna ganda la kumenya na huvunwa siku chache tu baada ya kuchomoza.

Kuanika juani kwa ajili ya vitamini D

Hatua hii hugharimu dakika chache na watu wengi hawaifanyi. Ndani ya uyoga kuna ergosteroli, ambayo ikipigwa na mionzi ya UV-B ya jua hugeuka kuwa vitamini D2, karibu kama ngozi yetu inavyotengeneza D3. Uyoga uliokuzwa kwenye banda la giza unafika kwako ukiwa na vitamini D ndogo isiyo na maana. Ukianikwa vizuri, gramu 100 zinaweza kufikisha mikrogramu 10 au zaidi. Kwa kulinganisha, Uingereza inapendekeza mikrogramu 10 kwa siku kwa mtu mzima, na Marekani 15.

Fanya hivi:

1. Kata uyoga wa kifungo vipande vya unene wa milimita 3 hadi 5. Mamama uchane kwa mkono kufuata nyuzi zake, au uache kofia nzima.
2. Panga kwenye sinia safu moja bila kulaliana. Mamama uugeuze matamvua yatazame juu. Huko ndiko kwenye eneo kubwa la kupigwa na jua.
3. Weka nje kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kipimo rahisi kuliko saa ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua lina UV-B ya kutosha.
4. Acha dakika 30 hadi saa nzima. Mawingu mepesi yakitanda, ongeza muda. Funika kwa chandarua cha matundu kuzuia nzi, si kwa kitambaa.
5. Pika siku hiyohiyo, au hifadhi kwenye friji. Vitamini D2 hupungua taratibu, haitoweki usiku mmoja.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuanika nyuma ya kioo cha dirisha: kioo hupitisha mwanga na joto lakini huzuia UV-B karibu yote, hivyo unapata uyoga mnyong'onyevu usio na vitamini. Karatasi nyingi za plastiki za kwenye vikaushio vya sola nazo huzuia. La pili ni kuanika uyoga mzima wa kifungo, kofia juu shina chini. Ngozi laini ya juu ni eneo dogo, kazi yote inakuwa nusu. Vipande vikibadilika kuwa vya kahawia kidogo usishtuke, ladha haiharibiki.

Vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mlo uwe na mafuta kidogo: kijiko cha mafuta, tui au karanga zinatosha. Sehemu kubwa hubaki hata baada ya kukaanga au kuchemsha.

Walio pwani na bara la Afrika Mashariki wana jua la aina hii mwaka mzima. Waliohamia Ulaya ya kaskazini hali ni tofauti: Uingereza, kuanzia Oktoba hadi Machi, jua haliwi na UV-B ya maana, si kwa ngozi wala kwa uyoga. Huko anika na kukausha wa kutosha wakati wa kiangazi, au tafuta dukani uyoga ulioandikwa kwenye pakiti kwamba una vitamini D. Mwenye ngozi nyeusi anayeshinda ndani, au anayevaa nguo za kufunika mwili wote, ndiye anayehitaji zaidi kulifikiria jambo hili, na Ghuba ni hivyohivyo licha ya jua lake kali, kwa kuwa watu hushinda ndani kwenye viyoyozi.

Kuhifadhi na kusafisha

Toa kwenye nailoni ukifika nyumbani. Weka kwenye mfuko wa khaki au bakuli lililotandikwa karatasi ya jikoni, funika kwa karatasi nyingine, weka sehemu ya kati ya friji. Mamama hukaa siku 3 hadi 5, wa kifungo siku 5 hadi 7. Pasipo na friji pika siku hiyohiyo au anza kuukausha. Joto la Dar es Salaam haliupi uyoga siku ya pili.

Usioshe kabla ya kuhifadhi. Osha unapokaribia kupika: suuza haraka kwenye maji yanayotiririka, kung'uta, futa. Wanaosema uyoga hauoshwi kamwe wanatia chumvi, hakuna ladha inayokimbia kwa sekunde kumi za maji. Kuuloweka ndiko kubaya. Mguu wa mamama, pale kishada kinapoungana, ni mgumu na hubaki na mabaki ya majani ya mpunga au pumba. Kata hiyo sentimita moja hadi mbili. Usiitupe, ichemshie supu kisha uichuje.

Kupika

Uyoga usiliwe mbichi. Kuta za seli zake zimejengwa kwa kitini, kitu kilekile kilicho kwenye magamba ya kamba na wadudu, na tumbo la binadamu hukisaga kwa shida. Moto hulegeza kuta hizo na kufungulia virutubisho vilivyo ndani. Isitoshe, uyoga wa kifungo mbichi una agaritini, kemikali isiyopendeza ambayo hupungua sana kwa kupikwa. Na shiitake, uyoga wa Kijapani unaouzwa mkavu kwenye maduka makubwa, usipoiva vizuri huweza kuwatoa baadhi ya watu vipele vya mistari mwilini, kama waliochapwa fimbo.

Kosa la jikoni linaloongoza ni kutia mafuta mengi mwanzoni. Uyoga una matundu mengi ya hewa. Unayanywa mafuta yote, unaonekana mkavu, unaongeza mengine, na mwishoni mboga ya kalori 33 imekuwa ya 300. Njia inayoepusha hilo ni kuanza bila mafuta:

1. Pasha kikaango kipana kwenye moto mkali wa wastani. Kwa gramu 250 tumia kikaango cha sentimita 26 hivi. Ukijaza gramu 500 humo, mvuke hautoki, uyoga unachemka kwenye maji yake na kuwa kama mpira.
2. Tia uyoga bila mafuta wala chumvi. Baada ya dakika 2 hadi 3 utatoa maji. Usiyamwage: vitamini B na ladha vimo humo.
3. Acha maji yakauke, ukigeuza mara mojamoja. Dakika 5 hadi 7. Uyoga utakuwa umenywea karibu nusu.
4. Sasa tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, kitunguu saumu kilichopondwa, na uache bila kukoroga kwa dakika moja nzima ili upate rangi ya dhahabu. Rangi hiyo ndiyo ladha.
5. Chumvi mwisho. Ikitangulia, inavuta maji upya.

Usiogope kupitiliza muda. Kwa sababu ya kitini, uyoga haupondeki kama bilinganya, na dakika tano za ziada haziuharibu. Kuchemsha na kumwaga maji ndiyo njia mbovu kuliko zote kwa lishe. Ikiwa unauchemsha, iwe ni kwa supu utakayokunywa.

*Mamama wa nazi, watu wanne.* Gramu 500 za mamama zilizochanwa, kitunguu kimoja, nyanya mbili, punje tatu za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha manjano, tui jepesi kikombe kimoja, tui zito nusu kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai, ndimu nusu. Kausha uyoga kwa mafungu mawili kama ilivyoelezwa juu, uweke pembeni. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia saumu na manjano, kisha nyanya hadi ziive na mafuta yajitenge. Rudisha uyoga, tia tui jepesi, chemsha dakika 8. Tia tui zito na chumvi, koroga bila kuacha mpaka lianze kutokota, epua. Ndimu baada ya kuepua. Ukiikamulia jikoni tui linakatika. Nazi ina mafuta yanayopandisha lehemu, kwa hiyo mwenye tatizo hilo aache tui zito, atumie jepesi tu na karanga za kusaga vijiko viwili.

*Nusu nyama, nusu uyoga.* Kwa maoni yetu matumizi haya yana faida kubwa kiafya kuliko mengine yote, kwa kuwa yanapunguza kitu kibaya badala ya kuongeza kizuri tu. Uyoga una glutamati ya asili, ladha ya nyama na supu nzito, hivyo chakula kinahitaji chumvi kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na wengi wetu tunapita hapo kabla ya chakula cha usiku. Chukua gramu 250 za nyama ya kusaga na gramu 250 za uyoga uliokatwakatwa hadi ulingane na punje za nyama. Pika uyoga peke yake kwanza mpaka ukauke kabisa, ndipo uchanganye na nyama na viungo. Anza na robo tatu ya chumvi uliyozoea, onja, mara nyingi hutaongeza. Mchanganyiko huu unafaa kwa rosti ya ugali, kababu na sambusa. Kwa sambusa hatua ya kukausha si ya hiari: maji yakibaki, manda inalowa, inapasuka kwenye mafuta na kunywa mafuta mengi kuliko uliyokusudia kuepuka.

Kiasi gani? Gramu 80 hadi 100 mbichi kwa mtu kwa mlo, mara tatu au nne kwa wiki, ni kiwango cha busara. Asiyezoea aanze na nusu yake.

Kukausha kwa akiba

Kilo 10 mbichi hutoa takriban kilo 1 mkavu. Chana vipande vyembamba vinavyolingana, tandaza safu moja kwenye wavu ulioinuliwa hewa ipite juu na chini. Kikaushio cha nyuzi joto 50 hadi 60 humaliza kazi kwa saa 6 hadi 10. Juani, chini ya chandarua, ni siku 2 hadi 3, na kila jioni ingiza ndani, kwani umande wa usiku mmoja hurudisha unyevu wa nusu siku. Joto likizidi sana nje inakuwa gome na ndani maji, na maji hayo ndiyo yatakayoleta ukungu wiki tatu baadaye.

Umekauka ukivunjika kwa sauti. Ukipinda, bado. Acha upoe, weka mara moja kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, gizani. Pwani hewa ina unyevu mwingi. Uyoga ulioachwa wazi mezani asubuhi unapinda tena jioni. Baada ya siku tatu tazama chupa: ukiona jasho ndani, rudisha juani. Tumia ndani ya miezi sita.

Kupika, loweka gramu 10 kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20 hadi 30; ni sawa na gramu 100 mbichi. Maji ya kulowekea yachuje kwa kitambaa uyatie kwenye mchuzi. Waweza pia kusaga unga: kijiko kimoja cha chakula kwenye maharage, mchicha au supu ya watoto. Kwenye uji wa sukari hautapendeza, hata waseme nini.

Nani awe mwangalifu

Tumbo kujaa gesi baada ya uyoga wa kifungo husababishwa mara nyingi na manitoli, sukari ambayo utumbo wa baadhi ya watu hauinyonyi. Mamama una kidogo sana, kwa hiyo jaribu huo kabla ya kuacha uyoga moja kwa moja.

Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu aulize kwanza kliniki yake. Gramu 100 za mamama si kiasi cha kupuuza kwake. Mwenye jongo (gauti) anaweza kula kwa kiasi uyoga usiokaushwa, ukishapikwa, lakini ule mkavu na unga wake vina purini, vitu vinavyochochea jongo, nyingi zaidi kwa uzito, apunguze. Wa kopo umejaa chumvi: mwaga maji yake, suuza mara mbili.

Mgonjwa wa kisukari ana sababu nzuri ya kuupenda, kwa kuwa wanga wake ni kidogo na haupandishi sukari ghafla. Usiache vidonge kwa ajili yake. Kuhusu saratani, Japani kweli ilitumika dawa iitwayo lentinani, iliyotolewa kwenye shiitake, ila ilichomwa kwa sindano hospitalini sambamba na tiba ya kemikali. Mchuzi wa uyoga si kitu hicho. Unga na kahawa za ganoderma, uyoga mgumu wa tiba asili, zinazouzwa mkononi kwa mkono ni jambo jingine pia: atumiaye warfarini au dawa nyingine za kuyeyusha damu azikwepe, maana zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Kwa wanaolima nyumbani, mamama uliokomaa humwaga vumbi la uzazi kwa wingi, na anayelivuta kila siku anaweza kupata kikohozi, homa na kubanwa kifua. Vuna kabla kingo hazijanyooka, pitisha hewa, vaa barakoa, na usilaze mtu chumba chenye uyoga.

Uyoga wa porini

Misitu ya miombo, kuanzia magharibi na kusini mwa Tanzania hadi Katanga na Zambia, ni miongoni mwa sehemu zenye utajiri mkubwa wa uyoga unaolika. Uyoga wa kwenye vichuguu, wa jamii ya Termitomyces, humea kwenye bustani zinazotunzwa na mchwa chini ya ardhi. Mmoja wao, Termitomyces titanicus, unaweza kuwa na kofia ya karibu mita moja. Uyoga wa manjano wa jamii ya Cantharellus una karotini, inayogeuka vitamini A mwilini, ambayo wa kulimwa hauna. Ni chakula kizuri, na wanaoujua waendelee kuula.

Asiyeujua asijifunze kwa picha za simu. Ununue kwa mwanakijiji anayeuchuma eneo lile miaka yote na anayeula yeye na wanawe. Maarifa hayo hayahamishiki: mjuzi wa Tabora akihamia nyanda nyingine anaweza kukutana na uyoga unaofanana na aujuao lakini wenye sumu. Usichume kandokando ya barabara kuu, dampo wala mgodi, kwa sababu uyoga hufyonza risasi, kadimiamu na zebaki kutoka udongoni na hauoshiki.

Vipimo vya mtaani vyote ni uongo. Kijiko cha fedha kinachogeuka cheusi, kitunguu saumu au mchele unaobadili rangi, funza waliomo ndani, mbuzi aliyeula akapona: hakuna hata kimoja kinachotambua sumu ya amatoksini, iliyomo kwenye baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukausha wala kugandisha. Dalili za kuonea shaka shambani ni kikombe au kibofu kwenye kitako cha shina, chini ya udongo (ndiyo maana uyoga usioujua hukatwi, hufukuliwa mzima), pete shinani, na matamvua meupe, hasa vikiwa vyote pamoja. Na ule mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia unaoota kwenye majani ya bustani mjini baada ya mvua, ambao matamvua yake hugeuka kijani kibichi ukikomaa, hutapisha vibaya ndani ya saa moja hadi tatu.

Muda wa dalili una maana yake. Kutapika kunakoanza mapema, ndani ya saa tatu, mara nyingi ni kwa sumu ya tumbo tu, ingawa mtoto anaweza kuishiwa maji upesi. Kutapika na kuhara kunakoanza baada ya saa sita hadi ishirini na nne ndiko kwa kutisha: siku ya pili mgonjwa hupata nafuu, ndugu hushukuru Mungu na kurudi nyumbani, kumbe ini linakufa, na siku ya tatu macho yanakuwa ya manjano.

Kwa hiyo mtu akiumwa baada ya kula uyoga wa porini, apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu, na wote waliokula naye waende hata kama hawajisikii lolote. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi ili atapike. Chukua mabaki ya uyoga, mbichi au yaliyopikwa, hata maganda ya jalalani, uyafunge kwenye karatasi na si nailoni, uende nayo. Mwambie daktari saa kamili mliyokula na saa dalili ya kwanza ilipoanza. Kwa tofauti hiyo ataamua kama aanze kufuatilia ini usiku huohuo.